Baba mdogo anasema Jinsia si taaluma. Nimjibu nini?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 20, mzaliwa wa Ukerewe. Nimemaliza kidato cha sita tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na alama zangu zinaniruhusu kuomba shahada. Kozi iliyonivutia ni Jinsia na Maendeleo, lakini nyumbani imezua mgogoro. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenisomesha tangu baba afariki, ana mitumbwi miwili ya dagaa. Anasema hatatoa hata senti kwa kozi ya kuwafundisha wanawake kiburi. Mwalimu wangu wa sekondari naye anasema kozi hiyo inachota sosholojia kidogo, sheria kidogo, uchumi kidogo, historia kidogo, na mhitimu anatoka hajui hata kimoja. Mshika mbili moja humponyoka. Marafiki wameshaanza kuniita Mama Jinsia. Mama yangu hasemi kitu, anaanika dagaa wake tu. Je, hii ni taaluma kweli? Mwanaume anafaa kuisoma? Na nikimaliza nitakula wapi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye ile sentensi fupi kuhusu mama yako. Nitairudia, kwa sababu nadhani nusu ya majibu unayoyatafuta yameanikwa pale mchangani pamoja na dagaa wake.

Nianze na mwalimu wako, maana hoja yake ndiyo nzito. Ya baba mdogo ni hasira, na hasira hupoa. Ya marafiki ni utani wa umri wenu. Lakini anayesema kwamba kozi inayochota kila mahali inaweza kumwacha mtu mikono mitupu hajakosea kabisa. Nimefundisha somo hili miaka mingi na wahitimu wa namna hiyo nimewaona. Wanayajua maneno yote: mfumo dume, uwezeshaji, mkabala wa jinsia. Ukiwapa jedwali la takwimu wanatoka jasho, ukiwapa kifungu cha sheria wanakisoma kama tangazo la msiba. Kwa hiyo hofu ya mwalimu wako ina mashiko. Alipoteleza ni pale anapodhani ugonjwa huo unatokana na kuchanganya taaluma.

Mtazame baba mdogo. Anajua nyavu na matundu yake. Anajua upepo. Anajua mwezi, kwamba siku za mbalamwezi taa haiwavuti dagaa na ni heri vijana wabaki pwani wakishona nyavu. Anajua injini inapokohoa ina shida gani, anajua bei ya soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wiki hii, na anajua kijana gani akipewa taa ataiuza. Mbona hakuna anayemwambia ameshika mengi? Kwa sababu yote hayo yamefungwa na swali moja: dagaa watapatikanaje na watauzwaje. Taaluma mtambuka, yaani inayochota kwenye taaluma nyingi, inajengwa hivyo hivyo. Inaanza na swali, kisha inakwenda kuazima chombo popote kilipo. Swali la somo la jinsia ni hili: kwa nini kuzaliwa mwanamke au mwanaume kunaamua nani afanye kazi ipi, nani amiliki nini, nani asikilizwe kikaoni, na mambo hayo hubadilikaje? Hakuna idara moja ya chuo inayoweza kulimaliza swali hilo peke yake.

Hapo inabidi tusafishe neno lenyewe, kwa kuwa nusu ya ugomvi wa nyumbani kwenu umo ndani yake. Kwenye fomu za zahanati utaona "Jinsia: Me/Ke", na watu wengi hapo ndipo wanapolijulia. Darasani tunatenganisha jinsi na jinsia. Jinsi ni maumbile: nani anabeba mimba, nani anaota ndevu. Jinsia ni mpango ambao jamii imeujenga juu ya maumbile hayo. Kunyonyesha ni jinsi. Kwamba anayenyonyesha ndiye pia afue, achote maji na aamke wa kwanza, hiyo ni jinsia, na hakuna homoni inayoieleza. Ukishaona tofauti hiyo, utaona pia kwamba "somo la jinsia" si jina lingine la "somo la wanawake". Mpango huo unampangia na mwanaume.

Sasa twende pwani. Umekulia pale, kwa hiyo nisahihishe nikikosea. Mtumbwi kwa kawaida ni wa mwanaume. Vijana wanaokwenda na taa usiku ni wanaume. Alfajiri mzigo unapofika, wanawake wananunua kwa ndoo, mara nyingi kwa mkopo, wanaanika mchangani, juu ya mawe au kwenye vichanja, wanageuza, wanafukuza kunguru na kuku, wanaombea mvua isinyeshe. Ikinyesha, dagaa wanaharibika na kushuka kuwa chakula cha mifugo, na hasara ni ya aliyeanika, kwa sababu mwenye mtumbwi keshauza. Wakikauka salama wanaingia kwenye magunia, wanakwenda Mwaloni, na kutoka pale baadhi yao hufika hadi Kongo.

Kwa nini mwenye kazi ndefu zaidi na hatari ya mvua ndiye mwenye faida nyembamba? Mchumi atakwambia ni mtaji: mtumbwi, injini na nyavu ni fedha nyingi, na benki inataka dhamana. Ukimwuliza kwa nini dhamana wanayo wanaume, anakuelekeza kwa mwanasheria, kwa kuwa sasa tunazungumzia ardhi na urithi. Mwanasheria atakuonyesha kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Basi kwa nini hana? Hapo unahitaji anayejua mila za ukoo na anayeweza kukaa na wazee akasikiliza, si kuwahutubia. Yeye naye atakutuma kwa mwanahistoria, akueleze uvuvi wa biashara ulianza kuingiza fedha nyingi lini na nani alikuwa ameshika nyavu wakati huo. Wote wanne wako sahihi. Hakuna hata mmoja mwenye jibu zima, na mtu wa jinsia kazi yake ni kuwaunganisha bila kuwachakachua.

Ng'ambo ya ziwa kuna mfano unaofaa. Katika fukwe za Nyanza, Kenya, kulizuka mazoea yanayoitwa jaboya: mwanamke anayetaka uhakika wa samaki wa kuuza analazimika kulala na mvuvi. Maafisa wa afya waliliona kama tatizo la maambukizi, wakagawa kondomu na elimu. Tangu 2011, pale ufukwe wa Nduru karibu na Kisumu, kikundi cha wanawake kilianza kupata mitumbwi yake kikaajiri wavuvi wanaume, na aliyekuwa akiomba samaki akawa ndiye anayelipa mshahara. Kuwahubiria watu tabia hakukuweza kufanya hivyo. Halafu mwaka 2020 ziwa likafurika, likameza kijiji, na wale wanawake wengi wakapoteza walichojenga. Afya, uchumi, mamlaka, hali ya hewa, yote yamo katika kijiji kimoja. Mtu aliyesoma afya tu angebaki na kondomu zake.

Niongeze mfano wa mahakamani, maana ndio ninaoupenda kuliko yote na wanafunzi wangu hunicheka kwa kuurudia. Bi Hawa Mohamed alikuwa mke wa nyumbani. Ndoa ilipovunjika alidai sehemu ya nyumba ambayo mumewe, Ally Sefu, aliipata wakiwa pamoja. Mahakama za chini zilimkatalia: hakuwa na mshahara, sasa amechangia nini? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inazungumzia mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na majaji walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema juhudi ni fedha au nguvu iliyoingia moja kwa moja kwenye mali, wengine wakasema kupika, kulea na kutunza nyumba ni juhudi pia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa kwenye jopo, ikaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Soma hukumu yenyewe, usiridhike na muhtasari, kwa sababu ina kichomi: Bi Hawa alishinda hoja lakini hakuongezewa kitu. Mumewe alikuwa amewahi kumpa fedha za mradi, na mahakama iliona hazikuzaa chochote kwa familia.

Sasa angalia swali ambalo hukumu ile imeliacha mezani. Kama kupika ni mchango, ni mchango wa kiasi gani? Sheria haina kipimo. Kipimo kinatoka kwa watu wa takwimu, wanaohesabu saa. Utafiti wa nguvu kazi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mwaka 2006 na tena 2014, uliwauliza watu walivyotumia saa 24 za siku iliyopita. Maswali hayo yanaonekana ya kitoto. Lakini kabla ya kuulizwa hivyo, mama anayeamka saa kumi usiku akalala saa nne alikuwa akiandikwa "hafanyi kazi". Neno hilo lenyewe, kwamba mama wa nyumbani hafanyi kazi, ni jambo la kuchunguza, na huko unamhitaji mtu wa lugha. Unaona kamba inavyojifunga?

Kwa hiyo jibu la mwalimu wako ni hili: kuchanganya si kosa, kosa ni kuchanganya bila kuwa na chombo hata kimoja unachokijua hadi mifupani. Ningekuwa mzazi wako ningekudai jambo moja: kabla ya mwaka wa pili kuisha uwe umechagua. Ama takwimu, ama sheria, ama mahojiano na utafiti wa kukaa na watu, ama bajeti. Hayo mengine uyafahamu kiasi cha kuzungumza na wenyewe bila kudanganywa. Chombo chako kimoja ndicho kitakachokupa ajira. Swali la jinsia ndilo litakalokufanya uone yale ambayo mtakwimu wa kawaida anayaruka.

Na kweli anayaruka. Utafiti wangu wa kwanza, nikiwa bado kijana na mjuaji, niliwauliza wakuu wa kaya nani anaamua matumizi ya fedha za mazao. Karibu wote walisema "tunaamua pamoja". Niliandika hivyo, nikafurahi. Mwezi mmoja baadaye nilirudi kwa shughuli nyingine, nikakaa jikoni na wake zao tukimenya mihogo, na ile "pamoja" ikapukutika yote. Namba zangu zilikuwa safi, ila niliyemwuliza hakuwa peke yake mwenye habari. Ndiyo maana utafiti wa taifa wa afya ya uzazi unapofika kwenye maswali ya ukatili humchagua mwanamke mmoja tu katika kaya na kumhoji faraghani, na kama faragha haipatikani maswali hayo hayaulizwi. Ule wa 2015/16 ulipotoa kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kimwili, uzito wa namba hiyo ulitokana na namna swali lilivyoulizwa. Hilo ndilo somo la jinsia likifundishwa vizuri. Likifundishwa vibaya linakuwa semina ya kaulimbiu.

Swali lako la pili: mwanaume anafaa? Anafaa, na anahitajika, lakini si kwa sababu ile ya kuwa "balozi wa wanawake". Wanawake wana midomo yao. Anahitajika kwa sababu maisha ya wanaume nayo yamepangwa na jinsia na yamechunguzwa kidogo. Mwaka 2018 serikali ilizindua kampeni ya Furaha Yangu ya kupima VVU, ikawalenga hasa wanaume, kwa kuwa ndio waliokuwa wakibaki nyuma kupima. Kwa nini mwanaume asiyeogopa dhoruba ya ziwa usiku aogope sindano ndogo? Kwa nini foleni ya kliniki aione ni ya wanawake? Kijana aliyekulia kambini kwa wavuvi anaweza kuuliza hayo na akajibiwa ukweli ambao mimi, mama mwenye kanga na daftari, sitaupata hata nikikaa mwaka. Wakikuita Mama Jinsia, itikia. Jina la utani lisilomuudhi mtu halidumu.

Baba mdogo anaposema ni kozi ya kiburi, bila shaka ndani yake kuna shutuma nyingine ambayo haikuandikwa: kwamba ni mambo ya Wazungu. Kuna punje ya ukweli. Programu rasmi ya kwanza ya masomo ya wanawake inayotajwa zaidi ilianzishwa San Diego, Marekani, mwaka 1970. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kikundi cha wasomi wanawake kikijadili mambo haya mwishoni mwa miaka ya 1970. Makerere ilifungua idara yake mwaka 1991. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulianza 1993, na semina zake za Jumatano pale Mabibo zimekuwa darasa la wazi kwa mama ntilie na profesa pamoja. Na mkutano mkubwa kuliko yote wa wanawake duniani, ule wa Beijing wa 1995, katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella. Mzaliwa wa wapi? Ukerewe. Mwambie baba mdogo, halafu umwangalie usoni.

Zaidi ya hapo, wasomi wa Kiafrika hawakumeza walichopewa. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria alihoji kwamba kabla ya ukoloni jamii ya Wayoruba iliwapanga watu kwa umri zaidi kuliko kwa jinsi, akitumia ushahidi wa lugha yao isiyotenganisha yeye wa kike na yeye wa kiume. Wapo waliompinga vikali, na mimi mwenyewe naona alivuta kamba mno. Lakini sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuusikia mjadala huo kwa sikio la pekee, kwa kuwa lugha yetu nayo inasema "amekuja" bila kujali nani, na shikamoo uliyonipa ilifuata umri wangu, haikufuata kanga yangu. Au chukua nyumba ntobhu ya Wakurya wa Mara, ambapo mama asiye na mtoto wa kiume analipa mahari kwa ajili ya mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate watoto na urithi usipotee. Ni ndoa ya nyumba na ukoo, haina mapenzi ya kimwili kati ya wanawake hao. Je, inamlinda mwanamke au inaendeleza shinikizo la mtoto wa kiume? Nimeshuhudia darasa zima likigombana saa mbili juu ya swali hilo. Halikuletwa na ndege kutoka Ulaya.

Basi chakula. Hapa sitakupamba. Ajira ya wazi zaidi serikalini ni Afisa Maendeleo ya Jamii katika halmashauri. Ndio wanaosimamia vikundi na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huorodhesha fani zinazokubaliwa kwa kazi hiyo, na Jinsia na Maendeleo huwamo pamoja na Maendeleo ya Jamii na Elimu ya Jamii. Huo ni uthibitisho wako kwa baba mdogo kwamba serikali inaitambua. Fungua matangazo matatu ya nyuma uyasome mwenyewe, kwa sababu jina la shahada lisipofanana na lililo kwenye tangazo unaweza kukatwa hata kama umesoma mambo yale yale. Dawati la Jinsia na Watoto watu wengi hulitaja, lakini lile la polisi linaendeshwa na askari. Shahada peke yake haikufikishi pale bila kupitia jeshi.

Upande wa mashirika, mshahara huwa mzuri na mkataba huwa mfupi. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi Afrika Mashariki yalipunguza watu, na niliowaona wakianza kuondoka ni wale ambao kazi yao ilikuwa kuandika ripoti zenye neno jinsia. Waliokuwa na chombo mkononi, wa takwimu na ufuatiliaji, walipata pa kuhamia upesi zaidi. Ndiyo maana nimekukazania kuhusu chombo.

Njia ziko tatu, na naona moja inakufaa. Ya kwanza ni kusoma jinsia moja kwa moja: Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kivukoni, au Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Arusha, zina shahada za jinsia pamoja na maendeleo. Ya pili ni kuchukua msingi mmoja, tuseme sosholojia, sheria au takwimu, ukachagua kozi za jinsia pembeni, kisha ukasoma jinsia shahada ya pili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi yake ya masomo hayo. Ya tatu ni kuvuka mpaka, Makerere au Kenyatta, ambako programu hizo zimekuwapo kwa miaka mingi, lakini ada na maisha ya ugenini ni mzigo, na kwa mtu ambaye nyumbani wamekunja uso sikushauri. Njia ya pili ndiyo salama kwa anayetaka mlango mwingine ubaki wazi. Ila wewe umeandika barua yenye swali, na wanafunzi wanaoingia na swali lao hunufaika na njia ya kwanza. Ningekupeleka huko, kwa sharti: fungua mtaala kabla ya kuomba. Ukikuta kozi mbili au zaidi za mbinu za utafiti na takwimu, mafunzo ya vitendo na andiko la utafiti mwaka wa tatu, ingia. Ukikuta nadharia tupu na "stadi za uongozi", nenda kasome sosholojia. Hisabati ya kidato cha nne kama ilikutesa, anza kuirudia sasa hivi. Asilimia, wastani na kusoma jedwali vinatosha kuanzia.

Kiwango cha chini cha kuingia kwa waliomaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, lakini kila kozi ina masharti yake juu ya hapo. Yathibitishe kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka unaoomba. Habari za mkopo pia usizipokee mtaani. Umefiwa na baba, na Bodi ya Mikopo huuliza mambo hayo. Cheti cha kifo kisichohakikiwa kimewanyima wengi bumu. Nenda RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, mapema, na kama fomu inakuchanganya nenda na nyaraka zako zote kwa dawati la mikopo la chuo au la Bodi, umwone mtu ana kwa ana.

Jambo jingine ambalo wanaouza kozi hawalisemi. Darasani mtasoma habari za vipigo, ubakaji, ukeketaji, na wakati mwingine mwanafunzi anakuta tunachokichambua ni nyumba yao. Nimewahi kumwona kijana mkubwa, mwenye sauti nzito, akitoka nje katikati ya somo asirudi. Ikikutokea, usijitibu kwa kusoma zaidi. Kila chuo kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ingia, funga mlango, zungumza. Na ukiwa kwenye mafunzo ya vitendo ukakutana na mtoto anayeumizwa wakati huo huo, wewe si mtafiti tena: piga 116, ni bure, au nenda kituo cha polisi chenye dawati, na umwarifu msimamizi wako siku hiyo hiyo.

Baba mdogo sasa. Usimshinde kwa hoja mbele ya watu. Amekulea, na mitumbwi yake ndiyo iliyokusomesha. Mtafute mjomba au mzee wa ukoo anayemheshimu akae kati yenu, na wewe uende na karatasi mbili: tangazo la ajira na jedwali la ada. Kabla ya hapo, fanya kazi moja. Giza lijalo, siku zote ambazo mitumbwi inaingia ziwani, kaa na mama kwenye uanikaji wake. Beba daftari. Andika kaamka saa ngapi, kanunua ndoo ngapi, kwa bei gani, taslimu au mkopo, kageuza mara ngapi, mvua imeharibu kiasi gani, gunia limeuzwa kiasi gani, na fedha zimetumika wapi. Mwulize pia, taratibu, mkiwa wawili tu, yeye anaonaje kuhusu hii kozi, kwa maana katika barua nzima ndiye pekee ambaye maoni yake hukuyaandika. Hesabu zikikamilika, ziandike upya kwa usafi kisha mwonyeshe baba mdogo, ukimwomba akague kama umekosea bei. Bei atazijua zote. Zile saa ndizo nadhani atazisoma kwa mara ya kwanza. Ukishamaliza, niandikie alivyosema.